Mama anabanwa kifua lakini mishipa haijaziba, turudi hospitali?

MjukuuWaBibi
Wakuu habari. Mama ana miaka 54, presha anayo, sukari hana. Akipanda ngazi na ndoo ya maji anaitua katikati, anakumbatia kifua, kama dakika tano ndipo anaendelea. Tuliuza ng'ombe akapigwa anjiogramu, ile picha ya mishipa ya moyo: hakuna mshipa ulioziba. Daktari akasema ni mawazo tu, akampa dawa ya usingizi. Kifua bado. Ni mawazo kweli?

Kidume_Moro
Asidi hiyo mkuu. Mama mdogo alihangaika hivyohivyo.

SistaZamu
Pole mkuu. Asidi kila mara kwenye ngazi, akitua ndoo inaisha? Sidhani.

Nimekaa wodi ya moyo miaka. Anjiogramu huonyesha mishipa mikubwa. Ile midogo ndani ya nyama ya moyo haionekani, na ikishindwa kutanuka moyo unapotaka damu zaidi, mtu anabanwa kama aliyeziba. Wanawake ndio tunaokutwa nayo zaidi, na ndio tunaoambiwa mawazo! Halafu kuna mshipa mkubwa unaojikaza ghafla kisha unaachia. Siku ya kipimo utauona msafi. Huo hupenda kubana usiku wa manane au alfajiri, mtu amelala.

Kipimo kipo, ila si kila hospitali: wanapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa moyo, wanapima mtiririko wa damu kwa adenosini, dawa ya kutanua mishipa, kisha wanaweka dawa nyingine, asetilikolini, waone kama mshipa unajikaza. Scotland walijaribu kwa wagonjwa 151 wa namna hii, majibu yakatoka 2018: waliotibiwa kwa kufuata kipimo hicho walipata nafuu kuliko wenzao. Kabla ya hapo apimwe wingi wa damu na tezi ya shingo, ni bei ndogo.

Anatumia dawa gani ya presha?

Kidume_Moro
Si apewe tu kile kidonge cha chini ya ulimi, cha kutanua mishipa ya moyo? Kikimtuliza, ni moyo.

SistaZamu
Hapana, hata koo la chakula likijikaza kinalituliza. Hakithibitishi kitu. Na akibanwa dakika zaidi ya 15 huku jasho la baridi linamtoka, msisubiri majibu ya huku, mkimbizeni.

MjukuuWaBibi
Anatumia atenolol. Nimemuuliza sasa hivi. Kumbe saa kumi alfajiri huwa anabanwa, anakaa kitandani mpaka adhana. Alikuwa hasemi, eti gesi.

SistaZamu
Basi hilo mwambieni daktari neno kwa neno, na atenolol muitaje. Kama ni mshipa kujikaza, dawa za jamii hiyo huweza kuuzidisha. Lakini asiiache mwenyewe ghafla, ni hatari. Aandike kwenye daftari kila anapobanwa: saa ngapi, alikuwa anafanya nini.

MjukuuWaBibi
Daftari nimempa. Tunarudi Jumatatu.