Waebrania 6:18: "katafeugo" inasema tumekimbilia, haisemi hatuwezi kutoka

Wakuu habari zenu. Naomba tujadili hili kwa utulivu maana limenikaa kichwani tangu Jumapili. Mhubiri mmoja, simtaji na ni mtu ninayemheshimu, alifundisha Waebrania 6:18, pale penye "tupate faraja iliyo imara, sisi tuliokimbilia kuyashika matumaini yale yawekwayo mbele yetu", akasema kwa Kigiriki neno ni katafeugo na maana yake halisi ni kukimbilia mji wa makimbilio ukafungiwa ndani, kwa hiyo ukishaokoka ndo basi, huwezi kupotea tena hata ufanye nini. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishindwa.

Tuanze na neno lenyewe. Feugo ni kukimbia. Ndilo Paulo analowaambia Wakorintho, ikimbieni zinaa, na ndilo la yule kijana kwenye Marko 14 aliyewaachia waliomkamata shuka la kitani akakimbia uchi. Ukiweka kiambishi cha Kigiriki kata- mbele yake unapata kukimbilia, yani macho yameshahama kwenye kile kinachokufukuza yako kule unakokwenda. Na sisi kwa hili hatuhitaji hata kamusi, ile -li- ya "kimbilia" inafanya kazi hiyohiyo. Mwambie kijana aikimbilie zinaa badala ya aikimbie uone umemtuma wapi.

Mimi nimekulia Kasulu, si mbali na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo. Kuna mzee wa kule alikuwa anashona viatu, akisimulia safari yake hachanganyi maneno hata siku moja: "tulikimbia vita, tukakimbilia Kigoma". Vita nyuma, Kigoma mbele, katikati mtumbwi umejaa watoto. Kila nikisoma huu mstari namuona yeye.

Sasa hili la usalama usiovunjika. Agano Jipya lote neno hili limo mara mbili tu, hapa na Matendo 14:6. Pale Paulo na Barnaba wako Ikonio, wanasikia kuna njama ya kuwapiga mawe, wanakimbilia Listra na Derbe. Ni neno lilelile. Na Listra kulitokea nini? Wapinzani wakawafuata hukohuko kutoka Antiokia na Ikonio, wakampiga Paulo mawe wakamburuta nje ya mji wakidhani amekufa. Kama kitenzi chenyewe kinabeba ulinzi usiovunjika, hapo tunasemaje?

Ila nimtendee haki mhubiri, mji wa makimbilio hakuutoa hewani. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, Septuaginta, inatumia neno hili kwenye Hesabu 35, Kumbukumbu 4 na 19 na Yoshua 20, habari za ile miji sita, Kedeshi, Shekemu na Hebroni ng'ambo hii ya Yordani, Beseri, Ramothi na Golani ng'ambo ile. Aliyeua bila kukusudia anakimbilia mmojawapo, mlipiza kisasi hamgusi, anakaa humo mpaka kuhani mkuu afe. Na mistari miwili tu baada ya mstari wetu Yesu anaitwa kuhani mkuu, kwa hiyo mimi naamini kabisa mwandishi alikuwa na picha hiyo. Tatizo ni kwamba wengi wakifika hapo wanafunga kitabu. Endelea mpaka Hesabu 35:26-28: akitoka nje ya mpaka wa mji, mlipiza kisasi akamkuta huko akamuua, hana hatia ya damu. Hakuna aliyemfungia ndani. Ulinzi ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa mahali, na yeye alitakiwa akae mahali pale. Sasa utaitumiaje picha hiyo kusema hata ufanye nini, kwenye sura ileile ambayo mstari wa 4 mpaka wa 6 inawaonya walioonja kipawa cha mbinguni wakaanguka?

Uimara kwenye huo mstari upo, tena mkubwa, ila umewekwa kwenye vitu viwili visivyobadilika, ahadi na kiapo cha Mungu asiyeweza kusema uongo. Haukuwekwa kwenye kitenzi chetu sisi tunaokimbia.

Kilichoniuma zaidi ni baada ya ibada. Mama mmoja wa makamo, Biblia yake ya Union ameifunika kwa gazeti na kurasa za Zaburi zimeshalegea kwa kufunguliwa, akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo hii yangu imepungukiwa?" Nikamfungulia Zaburi 46, Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu. Pale Kigiriki kina katafuge, ni nomino ya neno hilohilo. Hujafichwa kitu mama, ulikuwa nalo siku zote.

NYONGEZA: Kuna mdau kauliza kwa nini isiwe pembe za madhabahu, maana mstari unasema "kuyashika" na Adonia na Yoabu walizishika wakikimbia kuuawa na mfalme Sulemani. Hoja nzuri, ila Yoabu aliuawa palepale madhabahuni, 1 Wafalme 2, kwa hiyo napo ulinzi wa lazima hatuupati. Mwingine kaleta barua za malalamiko za Misri ya kale, zile za kwenye mafunjo, ambako mtu aliyedhulumiwa anamwandikia mkubwa kwamba nakukimbilia wewe. Hiyo ni kweli na naipenda sana, ni mnyonge anamwendea mwenye uwezo.

Ninapoomba msaada ni sarufi. "Kushika" kunaungana na nini? Union wameunga na kukimbilia, tumekimbilia ili tushike. Inawezekana pia kuunga na ile faraja, kwamba sisi tulioshakimbilia tutiwe moyo tuyashike matumaini. Mimi naegemea hii ya pili kwa sababu Waebrania 4:14 kitenzi ni hichohicho, tuyashike sana maungamo yetu, na pale wazi kabisa ni kushika bila kuachia. Mwenye hoja ya kuipinga aiweke hapa pamoja na aya zake.