Sanduku la negativu aliloliacha marehemu baba: nianzie wapi?

SWALI

Habari zenu, ndugu zangu. Baba yetu alifariki dunia mwaka jana, na katika kugawana vitu vyake mimi nimekabidhiwa sanduku la bati ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulifungua. Marehemu alikuwa karani wa reli katika stesheni ya Tabora. Upigaji picha haukuwa kazi yake, bali alikuwa na Yashica ya mkanda wa 120, ile unayoinamia na kutazama kwa juu, na kila Jumapili alitoka nayo. Nimehesabu bahasha 83 za negativu, nyingi zikiwa na maneno machache ya penseli kwa mwandiko wake, kama vile “mvua ya kwanza” au “baada ya gwaride”, lakini hakuna hata moja aliyoiandika mwaka.

Sanduku hilo lilikaa Tabora kwa miongo kadhaa bila tatizo, kisha likaletwa Dar es Salaam na kuwekwa chini ya kitanda kwa masika mawili. Sasa nikilifungua linatoa harufu kali ya siki, na baadhi ya negativu zimeanza kujikunja. Kaka yangu anashauri tuzitupe na kubaki na picha zilizokwisha kusafishwa. Dada yangu anataka tuzipange upya kwa watu, harusi huku na watoto kule. Jambo jingine ni kwamba zipo picha za mama na shangazi zangu wakisukana nywele uani bila mitandio, na sijui kama ni halali kwangu kuwaonyesha watu. Naomba ushauri wenu kabla sijaharibu kitu.

JIBU LA KWANZA

Pole sana kwa msiba, dada. Mimi nimefanya kazi ya kutunza nyaraka kwa miaka mingi, na ombi langu la kwanza ni kwamba msitupe kitu chochote. Picha iliyosafishwa ni nakala ya kile ambacho baba alichagua kukilipia siku ile, ilhali negativu ndiyo kumbukumbu kamili, pamoja na zile alizozipiga na hakuwahi kuzisafisha.

Harufu hiyo ya siki ni asidi halisi. Mikanda ya asetati, yaani aina ya plastiki iliyotengenezewa filamu za zamani, ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa asidi ya siki, nayo asidi hiyo huharakisha uozo wa mkanda wenyewe na kuambukiza ile iliyo jirani. Hewa kavu ya Tabora ndiyo iliyowahifadhia. Unyevu wa pwani ndio ulioamsha ugonjwa. Kwa hiyo zitenge leo hii bahasha zinazonuka, usizifungie kwenye bati wala plastiki isiyopitisha hewa, na uzianze hizo katika kuskani, kwa sababu mkanda ukishasinyaa hauwezi kunyooshwa tena. Kwa negativu ya sentimita sita kwa sita, skana ya nukta 2400 kwa inchi hukupa picha yenye nukta zaidi ya 5000 kila upande, na hiyo yatosha kabisa. Shika kwenye kingo tu, na upande usiong'aa, ambao ndio wenye picha, usiuguse kamwe. Vumbi lipeperushe kwa brashi laini, bila maji.

Kuhusu kupanga, ninampinga dada yako kwa heshima. Mpangilio alioufanya marehemu ni maandishi yake pia, hata pale asipoandika neno. Zipeni bahasha namba 1 hadi 83 kama mlivyozikuta, mkiandika pia namba zilizo pembeni mwa mkanda. Harusi na watoto mtawapanga baadaye katika kompyuta, ambako picha moja yaweza kukaa mahali kumi bila kuhamishwa mahali pake.

JIBU LA PILI

Mwanangu, mimi nami ni mstaafu wa reli, na nina hakika kwamba baba yako amekuandikia miaka bila kukusudia. Tazama ubavuni mwa mabehewa na injini. Herufi EAR&H (East African Railways and Harbours) zilianza kutumika baada ya reli na bandari za Afrika Mashariki kuunganishwa mwaka 1948; bandari zilipotengwa mwaka 1969 zikabaki EAR; na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tukaingia TRC, Shirika la Reli Tanzania. Ujihadhari lakini, kwani behewa halikupakwa rangi siku ile ile amri ilipotoka. Herufi mpya inakuhakikishia kwamba picha haikupigwa kabla ya mwaka fulani, wakati herufi ya zamani haithibitishi kitu peke yake.

Katika bahasha ya gwaride tafuta bendera. Ile ya Tanganyika, ya mwaka 1961 hadi 1964, ilikuwa na mistari ya kulala. Ya Jamhuri ya Muungano mstari wake umekwenda mshazari, na hilo linaonekana hata katika picha isiyo ya rangi. Ukikuta injini yenye tangi kubwa la maji mbele, hiyo ni Garratt, aina ya injini ya mvuke, nami nitafurahi sana kuiona.

JIBU LA TATU

Kwangu haraka kubwa kuliko siki ni mama yako. Sisi tulimaliza kuskani kila kitu ndipo tukaenda kwa bibi, tukakuta majina yamekwisha kumtoka. Mketi naye asubuhi akiwa hajachoka, mumwonyeshe picha chache tu kwa siku, na mrekodi sauti yake badala ya kuandika majina peke yake, maana jina huja na hadithi. Picha za uani muulizeni yeye na shangazi zenu walio hai. Picha zilipigwa na baba, lakini nywele ni zao.

MUULIZAJI

Shikamoo mzee wa reli, na ninawashukuru nyote. Bahasha 11 zinazonuka nimezitenga na nimeanza kuziskani. Mama amesema picha za uani zibaki kwa mabinti na wajukuu wa kike, na tumekubaliana hivyo.

Katika bahasha ya 14 nilishangaa kukuta, kati ya namba 5 na 8, picha za baba mwenyewe amesimama chini ya mwembe, zote zimeinama kidogo upande mmoja, kisha namba 9 ni mama anacheka. Tungezipanga kwa watu, hizo zingetengana. Nilipomwuliza mama alinyamaza kidogo, akasema kwamba siku hiyo alimnyang'anya kamera. Bahasha hiyo nimeiandikia majina mawili ya wapigaji.