Kujitolea kijijini nje ya nchi: UNV, Umoja wa Afrika au ajenti wa kulipia, ipi ina maana?

Kiherehere_Jr:
Wakuu habari zenu. Nataka kwenda kujitolea nje, kijijini kabisa, na nimebaki na njia tatu. Ya kwanza UNV, mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ya pili ule mpango wa vijana wa kujitolea wa Umoja wa Afrika unaokupeleka nchi nyingine ya Afrika kwa miezi 12, ya tatu kuna ajenti nimemkuta mtandaoni, huyu unajilipia kila kitu ila unaondoka hata mwezi ujao na unachagua mwenyewe wiki 6 au miezi 3. Mwaka naona mrefu sana jamani, ya ajenti ni chap chap. Waliowahi kwenda nisaidieni kulinganisha.

mama_kisima:
Mwaka wangu nimemaliza juzi juzi tu. Mdogo wangu, mwaka sio mrefu. Miezi ya mwanzo wewe ndo unasaidiwa, unaonyeshwa njia, lugha unaongea ya kuokoteza, watoto wanakucheka, ukitaka kufanya kitu lazima utafute mtu wa kukupeleka kwa mwenyekiti. Mimi nilikuwa upande wa maji. Kulikuwa na pampu ya mkono aina ya Afridev, hizi zilibuniwa miaka ya 1980 makusudi wanakijiji wazitengeneze wenyewe, spana moja tu inafungua karibu kila kitu. Imelala muda mrefu na kila anayepita anasema raba imeisha, na kweli ilikuwa imeisha, ila raba mpya ilikuwepo stoo siku zote! Kumbe mwenye spana kagombana na mweka hazina wa kamati, anataka hesabu za michango zisomwe hadharani, zisiposomwa hagusi pampu. Sasa hilo nani atakwambia wiki ya sita? Mimi niliambiwa na mama mmoja kwenye foleni ya maji ya mtoni, wameshanizoea, tena kwa sauti ya chini. Wa wiki sita angenunua raba nyingine, akapiga picha akaondoka zake.

FundiSola:
Mama_kisima nakubali ila tusiwaponde wa muda mfupi wote. Daktari wa macho akija wiki mbili akafanya upasuaji wa mtoto wa jicho, watu wanaona, hiyo haina mjadala. Fundi akija kufunga sola na kuwafundisha mafundi wa palepale, sawa pia. Tatizo ni mtu hana ujuzi wowote halafu anakuja wiki sita "kusaidia jamii", kusaidia nini sasa? Kupaka rangi ukuta ambao vijana wa pale wangepaka kwa ujira wao.

Kiherehere_Jr:
Duh. Mimi nina diploma ya kilimo lakini, sio mtupu 😅 Vipi upande wa hela?

posho_tu:
UNV na Umoja wa Afrika hulipii kuomba wala kuwekwa kwenye nafasi, mtu akikudai ada ya UNV kimbia. UNV ya kimataifa unapata posho ya kujikimu kila mwezi na bima. Sio mshahara, usije ukaanza kupiga mahesabu ya kiwanja. Umri: UNV ya vijana ni 18 hadi 26, ya wataalamu kuanzia 27 na wanataka uzoefu wa kazi, ya Umoja wa Afrika 18 hadi 35. Ila tangazo la UNV lisome mpaka mwisho, maana kuna nafasi zimeandikwa maendeleo ya vijijini na wewe utakaa mji mkuu kwenye kompyuta unaandika ripoti. Na huyo ajenti muulize viza. Nchi nyingi kujitolea kunahesabika kama kazi, unahitaji kibali, yeye akikwambia ingia tu na viza ya utalii ujue ukikamatwa uko peke yako.

FundiSola:
Hata wale Peace Corps wa Marekani, ambao sisi hatuhusiki maana ni wa raia wao tu, tangu 1961 wanapeleka watu kwa miaka 2, na kabla ya hapo wanapigwa kama miezi 3 ya lugha na mafunzo. Wajapani nao miaka 2. Hawa wamefanya miongo, sio wajinga.

mama_kisima:
Na kingine, ajenti akikupangia kituo cha watoto yatima kataa. Watoto wanazoea mtu, anaondoka, anakuja mwingine. Na kuna vituo vinakusanya watoto ambao wazazi wao wako hai, kwa sababu wageni wanalipa. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lenyewe mwaka 2019 liliingiza jambo hili kwenye azimio la haki za mtoto.
Kwa diploma yako mimi ningeuliza mambo mawili tu popote unapoomba: nani pale kijijini ameomba mtu wa kilimo, na nikiondoka nani anaendelea. Mimi miezi ya mwisho kazi yangu ilikuwa daftari tu, kukaa na katibu mpya wa kamati mpaka asome michango mbele ya watu bila mimi kuwepo. Haipendezi kwenye picha hiyo.

posho_tu:
Mwenye spana alirudi kazini?

mama_kisima:
Alirudi, na mweka hazina bado hawasalimiani 😂 Pampu inatoa maji.

Kiherehere_Jr:
Nimemuuliza ajenti nani kijijini aliomba mtu. Kanitumia picha za machweo na punguzo la bei la wiki hii. Naandaa ya Umoja wa Afrika. posho_tu nitakusumbua kwenye barua ya maombi, usinikimbie.

posho_tu:
Leta. Ila usianze na "nina shauku kubwa", wanazisoma hizo kutwa nzima.