Barua za sanduku la Bibi

*Kikundi: WANA WA BARABARA YA 14, NGAMIANI. Jumamosi*

Rukia 09:41
Asalaam aleikum nyote, shikamooni wakubwa. Fundi wa paa ameingia, tumetoa vitu vyote chumbani kwa Bibi. Mvunguni kumetoka lile sanduku la bati. Ndani mna kanga kuukuu, hata jina lake limefutika, na ndani ya kanga barua. Nimehesabu 11. Za Babu.

Ba'mkubwa Omari 09:44
Waaleikum salaam, marahaba. Hizo za vita vya Kagera! Piga picha zote utume hapa. Mzee alikwenda na mgambo mwanzoni mwa 1979, mimi niko darasa la tatu. Hadi leo namsikia Mwalimu redioni: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao.

Shangazi Mwajuma 09:45
Mwenyewe ameulizwa?

Rukia 09:46
Yupo uani anachambua mchicha. Hajaona.

Shangazi Mwajuma 09:46
Basi usitume.

Rukia 09:47
Nimeshatuma tatu shangazi 🙈

Nuru 09:55
Nimesoma ya kwanza. "Mke wangu mpenzi, salamu sana. Baada ya salamu mimi sijambo, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu." Halafu anauliza mbuzi kama amezaa. Halafu makuti ya jikoni. Vita viko wapi?

Ba'mdogo Salehe 09:57
😂😂 Mbuzi yule nilimchunga mimi.

Ba'mkubwa Omari 09:58
Soma nyingine. Mzee alipigana Masaka, kule Uganda.

Nuru 10:02
Ya pili ina tarehe 20 Aprili. "Mji tumeuona. Mvua nyingi. Viatu vimekwisha." Basi mjomba. Yanayofuata ni deni la baiskeli.

Hamza 10:06
Shikamooni. Nuru, hiyo "mji tumeuona" usiipite mbio. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Ana siku tisa tangu mji uanguke, naye anaandika viatu.

Nuru 10:07
Si angesema sasa

Hamza 10:13
Hawasemi. Mwezi huu nafundisha kidato cha tano vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Vile vita askari waliandika barua kupita kiasi. Wanafunzi wangu walitaka mizinga, wakakuta matope, soksi, biskuti ngumu za kuvunja meno, kuhara. Na kweli kule maradhi yaliua askari wengi kuliko risasi. Hata mwanzo ni ule ule wa Babu: nashika kalamu nikuandikie mistari michache, mimi mzima, natumaini nawe u mzima. Barua kwa barua. Nilicheka peke yangu ofisini, nikaona kumbe "hofu na mashaka" ina ndugu zake ng'ambo.

Ba'mdogo Salehe 10:15
Wale waliojua kuandika. Watumwa je?

Hamza 10:24
Hapo ndipo penyewe, ba'mdogo. Majimbo mengi ya Kusini yalikataza kwa sheria mtumwa kufundishwa kusoma. Lakini weusi wapatao 180,000 waliingia jeshi la Kaskazini lililopigana na Kusini, na wengine walijifunza herufi humo humo kambini. Yupo mmoja, Spotswood Rice, wa Missouri. Septemba 1864 yuko hospitali ya jeshi St. Louis, binti zake bado wamo utumwani. Akawaandikia: sijawasahau, nakuja kuwachukua, hata kama ni kwa roho yangu. Siku hiyo hiyo akamwandikia na bibi aliyemshikilia mmoja wao. Huyo hakumpa hata salamu, alimwambia kadiri unavyomkawiza mwanangu ndivyo utakavyoungua motoni muda mrefu zaidi, na ndivyo utakavyofika huko upesi.

Ba'mkubwa Omari 10:25
Mwanamume huyo!

Hamza 10:29
Sasa sikilizeni zilivyotufikia. Kaka wa yule bibi ndiye alikuwa msimamizi wa posta ya mji, Glasgow ya Missouri. Akazituma barua zote mbili kwa jenerali, kumshitaki Rice kwa ufedhuli. Zikawekwa kwenye majalada ya jeshi, zimo hadi leo. Asingechongea, tusingezisoma.

Shangazi Mwajuma 10:31
Kwa hiyo unanifundisha kwamba mdokozi wa barua kafanya jema?

Hamza 10:32
Hapana shangazi 😅 nasema zilivyofika tu.

Shangazi Mwajuma 10:36
Mimi sina ugomvi na historia yako. Hao ni wa mbali, hawana mtu wa kuwaonea haya. Hizi ni za baba yangu kwa mama yangu, na mama yupo hai, anachambua mchicha.

Hamza 10:42
Ni kweli. Na kule pia ilitokea. Mjane aliyedai mafao alitakiwa kuthibitisha ndoa yake, na wengine ushahidi waliokuwa nao ni barua za marehemu. Wakazitoa. Ukienda leo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa Washington, barua ya mapenzi iko ndani ya faili la mafao.

Shangazi Mwajuma 10:44
Masikini. Siri ya chumbani umpelekee karani ili watoto wale.

Rukia 10:50
Samahani nawakatisha. Pembeni mwa hizi barua kuna maandishi mengine, yamepanda kwa upande. Kama Kiarabu. Babu alikuwa anajua Kiarabu?

*[picha]*

Nuru 10:53
Nimeitia kwenye programu ya kutafsiri. Imesema "ngamia wa mlango wa samaki". 💀

Hamza 10:55
Kuandika kwa upande si ajabu, karatasi ilikuwa taabu. Kule Kusini ya Marekani bandari zilizibwa, mtu akijaza ukurasa anaugeuza anaandika tena juu ya mistari ile ile. Mji wa Vicksburg, huko huko Kusini, ulipozingirwa siku 47, mwaka 1863, watu wanalala mapangoni, gazeti la mji likachapwa nyuma ya karatasi za kupambia ukuta.

Ba'mdogo Salehe 10:57
Nuru hicho si Kiarabu. Ni Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Wazee wote wa mwambao waliandikiana hivyo. Mwajuma ndiye aliyekaa chuo cha Kurani hadi akahitimu, asome.

Ba'mkubwa Omari 10:58
Hapo ndipo alipoficha vita! Siri za jeshi. Mwajuma, soma.

Shangazi Mwajuma 11:09
Nimesoma mistari miwili.

Ba'mkubwa Omari 11:09
Eeh?

Shangazi Mwajuma 11:10
Futeni hizo picha. Wote. Hakuna Masaka wala siri ya jeshi humo.

Nuru 11:10
MAMA 😭 sema basi

Shangazi Mwajuma 11:11
Nuru kanywe chai.

Ba'mdogo Salehe 11:12
😂😂😂 Mzee wetu yule aliyekuwa hacheki!

Rukia 11:30
Nimemwambia Bibi. Nimemwomba radhi kwanza. Amenawa mikono, ameniambia niandike kama anavyosema, nisiongeze.

Rukia 11:38
Bibi anasema: Wakati ule mimi hati za kizungu sizijui, nilisoma Kurani tu. Chumba cha uani alipanga mwalimu wa shule, mtu wa bara, kijana mwema. Barua ikija yeye ndiye ananisomea, na majibu yeye ndiye anayeandika. Sasa mtasema nini mbele ya kijana wa watu? Babu yenu akawa anaandika katikati mambo ya mbuzi, mwalimu asome. Pembeni akaniandikia mimi kwa hati za chuo. Mwalimu akiniuliza, mama hii ya pembeni ni nini, namwambia dua.

Ba'mdogo Salehe 11:39
DUA 😂😂😂

Hamza 11:41
Bibi shikamoo. Kuna mwanamke mtumwa wa Missouri, Martha Glover, alimwandikia mumewe aliyekwenda jeshini, Desemba 1863, kwa mkono wa mwingine. Alimweleza kwamba tangu aondoke wanampiga kwa sababu yake. Kila nikiisoma najiuliza alimeza nini, kwa kuwa alikuwa anamwambia mwandishi kabla ya kumwambia mume. Bibi majibu yako yalikuwaje?

Rukia 11:49
Bibi anasema: Majibu yangu yalikuwa "sote hatujambo". Mtoto alikuwa ana surua, nikasema hatujambo. Ndiyo nikaenda kisomo cha watu wazima, jioni, pale shuleni, na mtoto mgongoni. Nilipojua kuandika jina lake, yeye alikuwa amesharudi.

Shangazi Mwajuma 11:50
Mtoto wa surua ndiye mimi.

Ba'mkubwa Omari 11:56
Mama hilo hukutuambia. Na Masaka je? Mimi miaka yote nawahadithia wanangu Masaka.

Rukia 11:59
Bibi anasema: Masaka ulihadithiwa na jirani, Omari. Baba yako alirudi akalala siku tatu, akaamka akaezeka jiko.

Hamza 12:03
Baba usivunjike moyo. Mary Chesnut, bibi tajiri wa South Carolina, shajara yake ya vita vile vya Marekani inatajwa kila mahali. Nayo aliiandika upya miaka ya 1880, vita vimekwisha miaka na miaka. Naye alikuwepo, alikuwa mtu mzima. Wewe ulikuwa darasa la tatu.

Ba'mkubwa Omari 12:04
Haya mwalimu.

Hamza 12:06
Bibi, naomba ruhusa yako. Nizipige picha vizuri, zisiliwe na mchwa. Hazitoki kwenye ukoo.

Rukia 12:15
Bibi anasema: Ya katikati pigeni, somesheni watoto, ya mbuzi na ya baiskeli. Na lile deni la baiskeli halijalipwa, mwenye nalo ana wajukuu hapo barabara ya 12. Ya pembeni funikeni na kitu mnapopiga.

Nuru 12:16
Kwa kitu gani Bibi?

Rukia 12:18
Ameshalichukua sanduku, amejifungia nalo chumba cha mbele. Ba'mdogo, fundi anasema misumari haitoshi, ongeza kilo mbili.