Ushauri: jalada la jarida la filamu, tuweke dinosaria au mpagazi?

BintiLindi: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nasoma uandishi wa habari hapa Lindi na kazi ya muhula ni kubuni jalada la jarida la filamu, saizi ya A4, liletwe darasani likiwa limechapwa. Kikundi chetu tumetunga filamu ya kufikirika kuhusu wapagazi wa Tendaguru, kilima cha huku Lindi, wale waliobeba mifupa ya dinosaria kichwani hadi bandari ya Lindi kati ya 1909 na 1913, ikasafirishwa kwenda Ujerumani. Jarida tumeliita Pazia. Wenzangu wanataka dinosaria ajaze jalada zima, mimi nataka uso wa mpagazi. Tuna Canva (programu ya kubuni kurasa) na simu tu. Naombeni mawazo, hadithi hii ni ya kwetu na sitaki itoke ovyo.

Kipanga_Mikindani: Weka dinosaria, mdogo wangu. Yule ambaye mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin anapita mita 13 kwenda juu, nani atampita bila kugeuka? Picha zake zimejaa mtandaoni.

MpangaKurasa: Mkuu Kipanga, hapo tunatofautiana. Picha za mtandaoni zina wenyewe, na nyingi ni ndogo: kwenye simu zinang'aa, kwenye karatasi zinatoka ukungu. A4 ya nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 2480 kwa 3508. Tena dinosaria huyo ameshaonekana sana, mpagazi ndiye hajaonekana. Binti, shikilia uso wako. Mtafute mtu mzima, abebe mfupa wa kuchonga (kusini huku wachongaji hawakosekani), na macho yamtazame msomaji moja kwa moja.

Kingine, na hiki ndicho kinachowaponza wanafunzi wengi: mnatengeneza jalada, si bango la filamu. Bango linauza filamu moja, jalada linauza jarida zima. Kwa hiyo jina Pazia ndilo liwe kubwa kuliko maandishi yote, chini yake jina la filamu kama habari kuu, kisha vichwa viwili vitatu vya habari nyingine za ndani, mwezi wa toleo, bei na msimbopau (ile mistari myeusi ya kuskani). Jarida la filamu la Uingereza, Empire, lililoanza 1989, huweza kuacha kichwa cha mwigizaji kifunike herufi za jina la jarida kwa sababu wasomaji wanalijua hata likifichwa nusu. Pazia bado halijulikani. Herufi zote zionekane.

Mama_Steshenari: Mimi nachapa kazi za wanafunzi hapa Mtwara. Wanangu, picha ikipita WhatsApp kama picha inabanwa. Itumeni kama dokumenti. Kazi yenyewe leteni PDF ya kuchapa, ikiwa na milimita 3 za ziada kila upande za kukatia, na maandishi yasisogelee ukingo. Bluu na kijani kali za kwenye skrini hufifia zikigeuka wino, kwa hiyo toeni nakala moja ya majaribio kwanza.

BintiLindi: Asanteni sana, shikamoo mama. Kuna babu jirani yetu amekubali kupigwa picha. Mwanga wa saa ngapi unafaa? Na dinosaria tumwache kabisa? Wenzangu watanuna.

Kipanga_Mikindani: Basi mchoreni kama kivuli cha shingo ndefu nyuma ya babu. Wenzako wapate chao na uso ubaki mbele. Hapo MpangaKurasa amenishawishi.

MpangaKurasa: Wazo zuri, ila kivuli kiwe hafifu kisigombane na maandishi. Pigeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi ufukweni, jua likishapanda sana litamtia babu vivuli vyeusi machoni. Simu ishikwe wima. Juu ya kichwa acheni nafasi tupu ya jina, na kushoto nafasi ya vichwa vya habari, kwa sababu majarida yakilaliana kwenye rafu, mara nyingi upande huo ndio unaobaki wazi. Tumieni kamera ya nyuma, na msivute picha kwa vidole. Sogeeni wenyewe.