Mrejesho: breki za WRX kulainika Kitonga

Wakuu, nilikuja kuuliza kama nifunge breki kubwa za Brembo, zile za STI (toleo kali zaidi la WRX), kwenye Subaru Impreza WRX yangu, maana nikishuka mteremko mkali wa Kitonga, Iringa, pedali inalainika na kuzama. Wengi mlinizuia, mkasema nianzie kwenye mafuta ya breki. Ni kweli, tena Brembo zisingeenea kwenye rimu zangu za inchi 16, zinataka 17.

Mafuta ya zamani yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta hayo hufyonza unyevu: DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, ikishakula maji inaweza kushuka hadi 155 hivi, na mvuke ukijaa kwenye paipu unakanyaga hewa tu. Tumemwaga yote, tukatoa upepo kwenye breki za magurudumu yote manne, tukabadili pia mipira ya breki iliyovimba. Pedi nimeweka za kuhimili joto. Asubuhi zikiwa baridi zinapiga kelele, wife hazipendi kabisa. Diski bado nene, zimechongwa tu.

Nimeshuka Kitonga tena kwa gia ya tatu, pedali iko juu, ngumu. Hela ya Brembo nimenunulia matairi mapya, na gari sasa inasimama karibu zaidi kuliko nilivyotarajia.