Noah 3S imechemsha, hedi (kichwa cha injini) inafunguliwa: ninunue seti nzima ya gasketi?

Mwana wa Tandahimba: Habari wakuu. Noah yangu injini ya 3S imechemsha nikipandisha mlima wa Newala kutoka Masasi, abiria wamejaa. Imevutwa hadi Mtwara, oili imechanganyika na maji, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi anataka seti nzima ya gasketi, zile za kuziba maungio ya injini. Muuza spea anasema chukua ya hedi tu, kwingine paka silikoni. Msimu wa korosho huo umefika, gari inatakiwa barabarani. Nimsikilize nani?

Kijana wa Chikongola: Ya hedi inatosha mkuu. Ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi, ikiwa bado laini unairudishia ileile.

Fundi Mikindani: Pole mdogo wangu. Silikoni usiipake ovyo. Nimeshafungua sampo, bakuli la oili chini ya injini, nikakuta vipande vyake vyekundu vimeng'ang'ania kwenye wavu wa pampu ya oili, injini imekufa kwa kukosa oili. Sampo ya 3S kiwandani hufungwa kwa silikoni, sawa, ila ni uzi mwembamba tu.

Kwangu mimi, kilichofunguliwa kinapata gasketi mpya. Hedi ikitoka, manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa na kutoa moshi) na tapeti kava zinafunguliwa pia. Gasketi ya hedi ikishabanwa mara moja imelala, haifungwi tena. Ile ya tapeti kava ni mpira, na injini iliyochemsha mpira wake hukakamaa. Ikunje uone kama haipasuki.

Ila kabla ya duka, hedi ipimwe! Aluminiamu ikichemka inapinda. Rula ya chuma iliyonyooka ilazwe pembe kwa pembe, fila geji (kibati chembamba cha kupimia uwazi) ya 0.05 mm ipitishwe chini yake. Ikipenya, hedi iende kwa tonia, fundi wa mashine za kukereza chuma, ikasagwe, la sivyo hata gasketi ya Japani itaungua. Oili mwaga yote pamoja na filta, na baada ya kuwasha kidogo mwaga tena.

Mwana wa Tandahimba: Shukrani sana mzee wangu. Hedi ishashuka, fundi anasema iko sawa. Sili ya mbele ya krenki, ule mpira wa kuzuia oili kwenye shafti kuu, ina jasho la oili, niiache?

Fundi Mikindani: Taimingi belti, mkanda unaozungusha kamshafti (shafti ya vali), si imetoka? Badili hiyo sili sasa pamoja na ya kamshafti, kazi ya kufika hapo umeshailipia. Ya nyuma, upande wa gia boksi, kama ni kavu usiiguse. Na hiyo "iko sawa" kaipima au kaitazama kwa macho? Muulize pia kuhusu feni, thermostati (vali ya maji ya kupoza) na rejeta, maana kilichoichemsha bado kimo humo ndani.